Huyu Mdudu Ni Nani? Jina Lililokosewa na Miaka Iliyopotea

Najua mara ya mwisho niliahidi kuendelea na somo letu la hifadhidata. Naomba mnivumilie, kwa sababu limenipata jambo la aibu, na nimeona ni heri nilieleze mwenyewe kabla shangazi yangu hajalieleza ukoo mzima kwenye harusi ya Desemba.

Shangazi, dada yake baba, ana miti ya kahawa kama mia mbili hivi huko Murang'a. Siku moja alinitumia picha tatu kwa simu. Mbili zilikuwa za kidole gumba chake. Ya tatu ilionyesha tawi la kahawa, na katikati ya kishada cha matunda mabichi kulikuwa na kitu cheupe kama pamba. Chini yake aliandika: "Mwanangu, wewe unajua mambo ya kompyuta. Hebu niangalizie hiki ni nini."

Nilikuwa kazini, programu ya mteja imekwama, na sikutaka kuonekana sijui. Nikatafuta haraka haraka kwenye intaneti, nikaona picha inayofanana kidogo, nikamjibu kabla chai yangu haijapoa: "Shangazi, huo ni ukungu. Nunua dawa ya ukungu." Akanunua. Akapuliza mara mbili. Mwezi ukaisha, kile cheupe kikaongezeka, na majani yakaanza kufunikwa na kitu cheusi kama masizi. Ndipo akamwita afisa wa kilimo. Afisa alitoa kilenzi kidogo mfukoni, akaangalia kwa muda, kisha akampa shangazi naye aangalie. Ile pamba ilikuwa na miguu.

"Hawa ni milibagi, mama. Na hawa sisimizi wanaopanda mti ndio walinzi wao. Nani alikwambia ni ukungu?"

"Mtoto wa kaka yangu. Ni mtu wa kompyuta."

Afisa, naambiwa, hakusema neno.

Pesa ya dawa nimerudisha. Lakini jambo lenyewe halikunitoka kichwani, kwa sababu sisi tunaoandika programu tunalijua kosa hili kwa karibu mno. Mteja anapiga simu, "mfumo umekufa", nawe bila kuuliza zaidi unaanza kurekebisha sehemu ambayo haikuwa na tatizo lolote. Unakesha siku tatu ukitibu kisichougua. Kumbe ugonjwa uko kwingine kabisa, na yote ni kwa sababu tatizo lilipewa jina lisilo lake saa ya kwanza.

Basi nikaanza kusoma habari za milibagi wa kahawa. Na nilichokuta, ndugu msomaji, ni kwamba kosa langu ni dogo sana. Nchi hii iliwahi kufanya kosa la aina hiyo hiyo, juu ya zao hilo hilo, kilomita chache kutoka shambani kwa shangazi, na ikachukua zaidi ya miaka kumi kulirekebisha.

Mwaka ni 1923, mahali ni Thika. Kwenye mashamba makubwa ya kahawa kulizuka kadudu kadogo keupe, kama kamepakwa unga wa ngano. Huyo ndiye milibagi. Jike hukaa mahali pamoja, huchoma ganda la mmea kwa mdomo wake mwembamba kama sindano, hunyonya utomvu, na ule unga mweupe ni nta anayotoa mwilini kujikinga. Akishanyonya, hutoa nyuma majimaji matamu kama asali. Hapo ndipo sisimizi wanapoingia. Wanapenda ule utamu, basi wanamlinda milibagi kama mfugaji anavyolinda ng'ombe wake wa maziwa, wakiwafukuza wadudu wengine wanaotaka kumla. Majimaji yanayobaki juu ya majani huota ukungu mweusi. Kwa hiyo ukungu kwa shangazi ulikuwepo kweli, ila ulikuja mwisho, ukifuata sukari, nami nilikuwa nimeutibu kabla haujafika.

Katika miaka iliyofuata milibagi alienea kwenye maeneo ya kahawa mashariki ya Bonde la Ufa. Matunda yalianguka, mavuno yakapungua. Wenye mashamba walifunga shina la kila mti mkanda wa kitu cha kunata ili sisimizi wasipande. Ilisaidia, lakini hebu fikiria kuzungukia miti maelfu kwa maelfu, na ukisahau tawi moja linalogusa ardhi au mti wa jirani, sisimizi wamepata daraja.

Swali likawa lile lile la shangazi: huyu mdudu ni nani?

Hapa inabidi nieleze wakati ule swali kama hilo liliulizwaje, maana mfumo wenyewe unapendeza kwa mtu wa kompyuta. Mwaka 1909 wizara ya makoloni ya Uingereza iliunda kamati ya utafiti wa wadudu wa Afrika ya kitropiki, na mwaka 1913 ikazaliwa ofisi iliyoitwa Imperial Bureau of Entomology, mjini London. Mkuu wake alikuwa Guy Marshall, mtu ambaye utaalamu wake mwenyewe ulikuwa fukusi, aliyeongoza hadi 1942. Kazi moja kubwa ya ofisi hiyo ilikuwa kutoa majina. Afisa wa kilimo Kabete, Entebbe au Zomba akipata mdudu asiyemjua, alimtia kwenye kichupa, akaandika kikaratasi cha mahali, tarehe na mmea aliomkuta, akamfunga vizuri na kumtuma kwa meli. Kule London kichupa kilipelekwa kwa mtaalamu wa jamii hiyo ya wadudu, kwani hakuna binadamu anayewajua wote. Anayejua fukusi hajui nzi, na anayejua nzi hajui buibui. Baada ya wiki nyingi, wakati mwingine miezi, barua ilirudi ikiwa na jina.

Kwa lugha yetu tungesema huo ulikuwa mfumo wa kuuliza na kujibiwa wenye seva moja, nayo iko ng'ambo ya bahari.

Na kwa nini jina lilikuwa muhimu kiasi hicho? Kwa sababu jina la mdudu ni kama ufunguo kwenye hifadhidata. Ukiwa nalo unafungua kila kitu ambacho mtu yeyote duniani amewahi kuandika juu yake: anakula nini, ametoka wapi, nani anamla. Hilo la mwisho ndilo lilitafutwa sana. Tangu 1888 dunia ilikuwa imeona mfano wa ajabu. Miti ya machungwa ya California, Marekani, ilikuwa ikifa kwa mdudu wa jamii ya karibu na milibagi aliyetoka Australia. Albert Koebele akatumwa Australia, akarudisha kadudu kadogo kekundu chenye madoa meusi ambacho huko kwao kilikuwa kikimla mharibifu yule. Ndani ya miaka miwili hivi janga likaisha. Fundisho likawa wazi: mjue adui yako kwa jina, jina litakuonyesha nyumbani kwake, na huko nyumbani utawakuta wanaomla.

Sasa tazama kilichotokea Kenya. Milibagi wa Thika alipewa kwanza jina la milibagi wa michungwa, mdudu anayejulikana duniani kote. Baadaye ikaonekana si yeye, akapewa jina la milibagi mwingine, wa Asia. Wala wataalamu hao hawakuwa wazembe. Milibagi wanafanana kuliko mapacha. Ili uwatofautishe inabidi umchukue jike mzima, umwondoe nta, umsafishe ndani mpaka abaki ngozi tupu inayopitisha mwanga, umbandike kwenye kioo, kisha kwa hadubini uhesabu vitundu na vijifereji vya nta vilivyopangwa kwenye ngozi yake. Kosea safu moja ya vitundu na umemhamisha bara.

Na kweli walimhamisha bara. Kwa kuwa jina lilisema Asia, maadui wake walitafutwa Asia. Wadudu wakaletwa kutoka mbali kwa gharama, wakalelewa, wakaachiliwa kwenye kahawa. Hawakufaa. Hebu jiweke mahali pao: umefanya kila kitu sawasawa, hatua kwa hatua, na bado hakuna kinachofanya kazi. Kila mwandishi wa programu anaijua siku kama hiyo. Msimbo wako hauna kosa hata moja, ila unasoma faili ambalo silo.

Aliyefungua fundo hilo ni mtaalamu wa wadudu aliyekuwa akifanya kazi hapa Kenya, R. H. Le Pelley. Mwaka 1935 alichapisha maelezo kuonyesha kwamba milibagi wa kahawa wa Kenya si wa michungwa wala si wa Asia. Ni aina peke yake, isiyokuwa na jina mpaka siku hiyo. Akamwita kenyae, yaani wa Kenya.

Mara jina lilipobadilika, ramani nzima ikabadilika. Kama si wa Asia, kwao ni wapi? Wakatazama karibu, na wakamkuta Uganda. Huko alikuwepo siku zote, wachache wachache, bila kumsumbua mtu. Maana yake ni moja tu: huko kulikuwa na kitu kinachompunguza. Kitu chenyewe kilikuwa nyigu wadogo mno, wadogo kuliko kichwa cha kiberiti, ambao hutaga yai ndani ya mwili wa milibagi aliye hai. Yai likianguliwa, funza humla mwenyeji wake kutoka ndani, na mwisho nyigu mpya hutoka kwa kutoboa ganda kavu lililobaki. Mwaka 1938 nyigu hao kutoka Uganda waliachiliwa kwenye mashamba ya Kenya. Wakazaana, wakaenea, na katika miaka ya 1940 milibagi akashuka kutoka kuwa janga hadi kuwa usumbufu wa hapa na pale. Kisa hiki bado kinatajwa kwenye vitabu vya kilimo kama moja ya mafanikio makubwa ya aina hiyo barani Afrika.

Dawa ilikuwa ng'ambo ya pili ya Ziwa Victoria. Walikwenda kuitafuta Asia kwa sababu ya neno moja kwenye kikaratasi.

Kabla sijaendelea kuna jambo jingine ambalo sitaki tulipite. Nani alikuwa na haki ya kuuliza swali? Mwaka 1923 shangazi yangu asingeweza kuuliza, wala bibi yake. Waafrika walizuiwa kwa vizingiti vingi kulima kahawa. Walianza kuruhusiwa kidogo kidogo miaka ya 1930, huko Meru, Embu na Kisii. Lakini milibagi hakusoma sheria za ukoloni. Alikula vilevile vyakula vya mashamba madogo, mbaazi na viazi vikuu. Le Pelley mwenyewe, alipoandika taarifa yake kubwa mwaka 1943, aliipa kichwa kinachotaja kahawa pamoja na mazao mengine. Najiuliza ni kina mama wangapi walioyatazama mazao yao yakinyauka, wakiwa wamemwona mdudu kwa macho yao na kumjua tabia zake zote, ila hawakuwa na mtu wa kumpelekea kichupa. Vichupa vilisafiri kwenda London kwa sababu zao lililougua lilikuwa la wenye sauti.

Mnaweza kusema basi, hayo yalikuwa ya zamani, hadubini zilikuwa hafifu, tumejifunza. Hatukujifunza. Kosa lilirudi, na safari hii likagusa chakula cha mamilioni ya watu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 milibagi mwingine alionekana kwenye mihogo karibu na Kinshasa, nchi ambayo wakati huo iliitwa Zaire. Huyu alikuwa wa rangi ya waridi, naye alikuwa mgeni kabisa Afrika. Alisambaa kwa upepo na kwa vijiti vya mihogo ambavyo watu hubeba kwenda kupanda, nchi baada ya nchi. Shina likapinda, majani yakajikunja, na mahali pengine familia zilikosa mizizi ya kula pamoja na vijiti vya kupanda msimu unaofuata. Mwaka 1977 mtaalamu wa Paris, Danièle Matile-Ferrero, alimpa jina rasmi. Kwa kuwa muhogo wenyewe uliletwa Afrika na Wareno kutoka Amerika ya Kusini, watafiti walijua pa kwenda.

Wakaenda kaskazini mwa bara hilo, na kweli wakamkuta milibagi kwenye mihogo. Anafanana. Wakachukua nyigu wanaomshambulia, wakawajaribu kwa milibagi wa Afrika. Nyigu wakamkataa. Mnaikumbuka Thika? Ndiyo hiyo hiyo. Wataalamu wawili wa London, Jennifer Cox na Douglas Williams, wakawatazama wale milibagi wawili tena, na mwaka 1981 wakatangaza kwamba ni aina mbili tofauti. Dalili nyingine zilikuwepo hata kwa asiye na hadubini kubwa: yule wa Afrika ni wa waridi na wote ni majike wanaozaa bila dume, yule wa kaskazini mwa Amerika ya Kusini ana rangi ya manjano na ana madume.

Kwa hiyo yule wa kweli alikuwa bado hajapatikana nyumbani kwake. Mwaka huo huo wa 1981, mtafiti Anthony Bellotti alimkuta Paraguay, kusini zaidi. Pamoja naye alikuwepo nyigu mdogo aitwaye Anagyrus lopezi. Nyigu hao walipitishwa karantini Uingereza, wakapelekwa kituo cha utafiti cha IITA mjini Ibadan, Nigeria, na mwisho wa 1981 wakaachiliwa kwa mara ya kwanza. Katika miaka iliyofuata wakasambazwa katika nchi zaidi ya 20 za Afrika, na milibagi wa muhogo akapungua sana karibu kila mahali walipofika. Aliyeongoza kazi hiyo, Mswisi Hans Herren, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Wakati huo alikuwa tayari amehamia kwetu Nairobi, akiongoza kituo cha ICIPE pale Kasarani.

Na ICIPE yenyewe ni jibu la swali nililouliza juu, la nani ana haki ya kuuliza. Mwanzilishi wake ni Thomas Odhiambo, mzaliwa wa Mombasa mwaka 1931, aliyesoma Makerere na kisha Cambridge. Mwaka 1967 aliandika katika jarida la Science kuhusu sayansi na maendeleo ya Afrika Mashariki, na mwaka 1970 kituo kikaanza. Hoja yake ukiieleza kwa lugha ya kawaida ni hii: kama wadudu wako hapa, na wanaoumia wako hapa, basi wanaojibu nao wawe hapa. Makao makuu yakaitwa Duduville. Jina linachekesha kidogo, lakini ukifikiria vichupa vilivyosafiri kwa meli, si mzaha hata kidogo.

Isije mtu akadhani wataalamu ni wa wadudu waharibifu tu. Kuna kisa kimoja cha buibui ninachokipenda sana. Mbita, kando ya Ziwa Victoria, ICIPE ina kituo kingine. Kwenye kuta za nyumba za huko huishi buibui mdogo mrukaji, wa milimita chache tu, ambaye watu wamemwona miaka yote na kumfagia miaka yote. Robert Jackson, mtafiti kutoka New Zealand aliyekuwa akifanya kazi Mbita, alimchunguza pamoja na Wanda Wesołowska wa Poland, ambaye ni bingwa wa jamii hiyo ya buibui. Mwaka 2003 wawili hao wakachapisha jina lake: Evarcha culicivora, neno la pili likiwa na maana ya mla mbu. Mwaka 2005 ukatoka utafiti ulioonyesha kwamba buibui huyu, akipewa nafasi ya kuchagua, humchagua mbu jike aliyetoka kunyonya damu. Yeye mwenyewe hawezi kutoboa ngozi ya mtu, basi anaipata damu kupitia tumbo la mbu. Anajulikana kanda ya Ziwa Victoria pekee, Kenya na Uganda. Kiumbe cha kwetu, ukutani kwetu, na tulikuwa tukimpiga kwa kandambili.

Buibui pia hutufundisha mpaka wa picha. Mtu hunitumia picha ya buibui na kutaka jina kamili, lakini aina nyingi za buibui haziwezi kutofautishwa kwa picha hata iwe safi vipi. Mtaalamu huhitaji buibui mzima aliyekomaa, chini ya hadubini, ili aangalie viungo vyake vya uzazi, kwani hapo ndipo tofauti zilipo. Akikwambia "hapa naweza kukupa jamii tu, siwezi kukupa aina", hajashindwa kazi. Hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Najua mnasubiri niseme juu ya mashine, kwa hiyo haya. Siku hizi simu yako inaweza kutazama picha ya mdudu na kutaja jina kwa sekunde. Mimi si adui wa vitu hivi, vinanilisha. Nzige wa jangwani walipovamia Kenya mwishoni mwa 2019 na mwaka 2020, shirika la FAO na chuo kikuu cha Penn State walitengeneza programu ya simu ya eLocust3m, ili mtu aliyepo mashinani atume picha ya nzige pamoja na mahali alipo. Taarifa hizo zilisaidia kuongoza kazi ya upuliziaji. Kwa nzige inafaa sana, maana swali ni jembamba: ni yeye au siye, yuko wapi, amekomaa au bado.

Lakini swali likiwa pana mambo hubadilika. Kumbuka viwavijeshi wa mahindi kutoka Amerika, waliotangazwa Afrika magharibi mwaka 2016 na kufika Kenya mwaka 2017. Mwanzoni wakulima wengi waliwadhania ni wale viwavijeshi wetu wa zamani, au funza wa shina, na wengine wakapuliza dawa wakati kiwavi amekwisha kujificha ndani ya moyo wa mhindi, mahali dawa haifiki. Alama zake ni rahisi ukishaonyeshwa: usoni ana mchoro mweupe kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne yaliyopangwa mraba. Mashine ya kutambua picha iliyofundishwa kabla mgeni huyo hajafika ingemwita kwa jina la yule inayemjua anayefanana naye zaidi. Haingesema "huyu sijawahi kumwona". Le Pelley alisema hivyo mwaka 1935, na hilo ndilo lililookoa kahawa.

Mimi na simu yangu tulimjibu shangazi kama mashine hiyo. Tulichagua kinachofanana zaidi, tukanyamaza juu ya mashaka.

Kwa hiyo nimejiwekea utaratibu, na nawapa bure. Ukitaka msaada wa mtaalamu wa wadudu au buibui, uliza kama vile ungependa mteja wako aripoti hitilafu. Taja mahali na tarehe. Taja mmea au chumba ulimomkuta, na ni sehemu gani: jani, shina, mzizi, ukutani. Piga picha ya mahali pote, kisha ya karibu, kutoka juu na kutoka mbele, na weka sarafu ya shilingi kando ili ukubwa uonekane. Kama ni buibui, jaribu kupata uso, kwa sababu mpangilio wa macho yake ni kitambulisho. Sema nani wengine wako hapo, kama sisimizi, maana milibagi wa kahawa huonekana kwanza kwa msafara wa sisimizi. Usimponde. Mtie wawili watatu kwenye kichupa chenye spiriti, na kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli, kwani wino wa kalamu huyeyuka. Halafu mpeleke kwa afisa wa kilimo, au kwenye kliniki ya mimea kama iko sokoni kwenu. Jambo likiwazidi hao, Nairobi kuna KALRO, ICIPE na Makumbusho ya Taifa, ambayo yana mkusanyiko wa wadudu uliojengwa kwa miaka zaidi ya mia moja. Hiyo nayo ni hifadhidata, ila imechomekwa kwa pini.

Na dawa usipulize kabla jibu halijaja. Ukiua nyigu wadogo kwa dawa ya bure, umemfukuza mfanyakazi ambaye hukuwa ukimlipa.

Juzi shangazi amenitumia picha nyingine. Safari hii kidole gumba hakimo. Kuna jani, kuna shilingi ishirini kando yake, na kuna milibagi mmoja aliyekauka, ana tundu dogo la duara mgongoni, ambamo nyigu ametokea. Chini ameandika: "Huyu ni nani? Kama hujui, sema hujui, nimwulize afisa."

Nilikuwa najua. Lakini nilimwambia amwulize afisa kwanza.